EPIRB ya kujifungua yenyewe, EPIRB ya mkono au PLB: chagua kwa jinsi chombo chako kitakavyopata ajali

Wadau wa bahari, kusi ikianza tu maswali ni yale yale, ninunue bikoni gani (kifaa cha kutuma ishara ya dharura), ya bei gani, niifunge wapi, na wengi wanaanzia kwenye bei au jina la kampuni wakati swali la kwanza lilitakiwa liwe lingine kabisa: hiki chombo changu kikipata balaa kitaishaje? Kitazama moja kwa moja, au kitapinduka kibaki kinaelea tumbo juu, au chombo kitabaki salama ila mtu ndo ataanguka majini usiku? Kila jibu linakupeleka kwenye kifaa chake, na ukikosea hapo unaweza kununua cha ghali kuliko vyote, ukakifunga vizuri kabisa, na siku ya shida kisitoe ishara hata moja.

Kwa wasiojua, EPIRB ni bikoni ya chombo, PLB ni bikoni ndogo ya mtu mmoja, na hivi vyote vinatuma ishara ya masafa ya 406 MHz kwenda kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ule ulioanzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti na ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982. Ishara inatoka kila baada ya sekunde 50 hivi, imebeba namba ya utambulisho wa kifaa, na kama kina GPS inabeba na mahali ulipo. Hapa kwenye GPS naomba usibane pesa. Kifaa chenye GPS kinawapa waokoaji sehemu yenye kosa la mita mia na kidogo, kisicho na GPS setilaiti inabidi zikadirie zenyewe na kosa linaweza kufika kilomita 5, sasa chukua kilomita 5 usiku katika mkondo wa Pemba na upepo wa kusi, kichwa cha mtu kinaonekanaje pale? Alafu kuna bikoni za zamani sana zinazotuma 121.5 MHz peke yake, bado unazikuta kwenye boti za mtumba. Mtu akikupa bure usichukue, setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Hizi za kisasa nazo zina 121.5 ila ni kwa kazi nyingine, ni ya kumsaidia muokoaji akishafika karibu aifuate ishara mpaka ulipo.

Ya kujifungua yenyewe na ya mkono

EPIRB ni ile moja, kinachotofautiana ni nyumba yake. Ya kujifungua yenyewe inakaa ndani ya boksi la plastiki gumu lililofungwa nje ya chombo, na ndani ya boksi kuna kidude cha haidrostatiki ambacho kikizama kabla ya kufika kina cha mita 4 presha ya maji inafyatua kisu au springi, kifuniko kinaruka, EPIRB inaibuka juu na kuanza kutuma. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Ya mkono inakaa kwenye breketi tu, unaichomoa wewe, ukiitupa majini inawaka yenyewe au unabonyeza swichi.

Ukisikia hivyo unasema basi ya kujifungua ndo bora kila mahali. Sio kweli, na hapa ndo watu wengi wanapotea.

Kile kidude kinahitaji kina. Boti ya faiba ya futi 25 yenye povu ndani ya kuta haizami, ikipigwa na wimbi inageuka na kubaki inaelea imelala tumbo juu, boksi lako sasa liko chini ya maji pengine nusu mita au mita moja, presha haitoshi kufyatua, na kifuniko kimeangalia chini. Jahazi la mbao nalo ni hivyo hivyo, mbao zinaelea, chombo kinajaa maji na kubaki kinaloa loa juu. Hata chombo cha chuma kinaweza kufanya hivyo: MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilibaki tumbo juu siku kadhaa, mpaka fundi wa injini akatolewa hai humo ndani. Pale ilikuwa karibu na nchi kavu, bikoni isingebadilisha kitu, lakini picha ya chombo kilichogeuka bila kuzama kila mtu aliiona na ndo ninayotaka uifikirie unapochagua.

Kwa chombo kinachozama kweli, mambo yanageuka. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba upande wa Nungwi, watu kwenye giza, kelele, kila mtu anatafuta mwanawe. Katika hali ya namna ile usitegemee kwamba baharia atakumbuka kuchomoa kitu ukutani. Chombo cha abiria, tagi (boti ya kuvuta meli), meli ya mizigo midogo, boti ya uvuvi ya chuma inayolala baharini, hizo zote zinataka ya kujifungua yenyewe na sio jambo la kubishana. Sheria ya kimataifa ya SOLAS tayari inadai EPIRB ya kujifungua kwa meli za abiria za safari za kimataifa na za mizigo kuanzia tani 300, ila mimi nasema hata kama sheria haikufikii, kama chombo kina deki na kinabeba roho za watu wengi, funga. (Na niseme wazi, EPIRB haimwokoi mtu kwenye chombo kilichojazwa kupita kiasi, inawaita watu tu. Kazi ya kuhesabu abiria inabaki kwa nahodha na mwenye chombo kabla ya kamba kufunguliwa.)

Ya mkono ina faida moja kubwa, unaiweka pale mkono unapofika. Kwenye boti ndogo iweke karibu na usukani, sio ndani ya kabati la mbele, sio chini ya majaketi, sio kwenye boksi la zana lenye kufuli. Unatakiwa uifikie ukiwa umeshika usukani kwa mkono mmoja. Wengine wanaiweka kwenye mfuko wa dharura pamoja na tochi, maji na fataki, ni sawa kabisa ilimradi mfuko unaelea na haufungwi kwa fundo la kudumu.

PLB, ndogo lakini sio mbadala kamili

PLB inaingia mfukoni, inafungwa kwenye jaketi, na kwa kawaida ni rahisi kuliko EPIRB, kwahiyo mtu anajiuliza kwanini nisinunue hii tu. Sababu ziko kadhaa na zote ni za kweli. Betri ya PLB inatakiwa itume angalau saa 24, ya EPIRB saa 48. EPIRB inaelea wima yenyewe na antena ikiwa juu, na maji yenyewe yanaisaidia kutuma, wakati PLB nyingi hata zikielea lazima wewe uinyooshe antena na kuishika juu ya maji ikiangalia mbingu, sasa jaribu kuwaza kushika kitu kidogo juu ya kichwa masaa sita huku mawimbi yanakupiga. Na PLB karibu zote haziwaki zenyewe, lazima mtu mwenye fahamu aifungue.

Ila EPIRB inabaki na chombo na PLB inabaki na mtu. Mvuvi aliyeanguka kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, saa nane usiku wakati wenzake wamelala, EPIRB iliyoko ukutani haimjui. PLB iliyofungwa kwenye jaketi lake inamjua. Kwa mtu anayevua peke yake kwenye mtumbwi wa mashine au ngalawa, PLB ndo chaguo langu la kwanza, sababu chombo chenyewe hakina hata pa kufunga EPIRB, na kitu kisichokuwa mwilini mtumbwi ukipinduka kinakwenda zake.

Kitu cha kuangalia kabla hujalipa ni kama nchi yako inaisajili PLB kwa matumizi ya baharini. Taratibu hazifanani, uliza kwanza mamlaka ya vyombo vya majini, kwa Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA, na upande wa leseni ya redio kuna TCRA na kule Kenya Mamlaka ya Mawasiliano.

Vipi zenye AIS?

Saivi kuna EPIRB na hata PLB ambazo zaidi ya setilaiti zinatuma pia ishara ya AIS, yaani meli zilizo karibu zinakuona kwenye skrini zao za ramani hapo hapo. Kwa meli zinazobanwa na sheria za IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, EPIRB yoyote iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 lazima iwe na AIS. Kwa boti ndogo hulazimishwi. Mimi naipenda kwa njia zetu za kati ya Dar, Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, manake pale pana meli nyingi zinapita na anayeweza kukufikia haraka pengine ni meli iliyo maili tatu kutoka ulipo, sio ndege. Ukienda mbali sana mashariki kwenye jodari huko hakuna jirani, AIS inakusaidia kidogo, setilaiti ndo kila kitu. Namba ya AIS ya EPIRB inaanza na 974, ya mtu aliyeanguka majini inaanza na 972, nahodha akiziona kwenye skrini ajue sio chombo cha kawaida, ni mtu anaomba msaada.

Na zile zenye taa ya kukuthibitishia kwamba ishara imepokelewa, zinazotumia setilaiti za Galileo, ni nzuri kwa moyo wa mtu aliye majini. Lakini taa hiyo inamaanisha mfumo umekusikia, haimaanishi boti imeshaondoka bandarini.

Pa kufunga, hapa ndo kazi ilipo

EPIRB haina waya, ina betri yake, kwahiyo fundi yeyote anaona ni kazi ya bolti nne na dakika kumi. Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua mahali, na hapa zile aina mbili zinapishana sana.

Ya kujifungua itake sehemu ya juu, wazi, ambayo ikitoka haigongi kitu. Simama mbele ya boksi, waza chombo kinazama kikiwa wima, alafu waza kinazama kimelala ubavu, EPIRB itapita wapi? Kama juu yake kuna turubai la kivuli, reli, kamba za mlingoti, rafu ya majaketi au nyavu, itaibuka na kunasa hapo hapo na kuzama na chombo. Turubai ndo adui mkubwa kwenye boti zetu za abiria na watalii, boksi linafungwa siku ya ukaguzi pako wazi, miezi miwili baadae mwenye boti anaongeza kivuli na hakuna anayekumbuka kilicho chini yake. Na japo inajifungua, hakikisha mtu anaweza kuifikia kwa mkono pia bila kupanda mlingoti, sababu ukipata muda wa kuondoka na boya la kuokolea unataka uondoke nayo.

Ya mkono haihitaji uwazi juu, inahitaji njia. Karibu na mlango wa kutokea, ndani au nje kidogo ya kibanda cha nahodha, pasipopigwa maji kila dakika.

Zote mbili ziwe mbali na dira. Ndani ya breketi kuna sumaku, ndo inayozuia EPIRB isiwake ikirushiwa maji ikiwa bado iko kwenye kiti chake, na sumaku hiyo itapotosha dira. Umbali salama umeandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi ni mita 1 hivi, pima kwa futi usikadirie kwa macho, na ukimaliza kufunga angalia dira kama imesogea. Ziwe mbali na eksozi pia, nyingi zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi joto 55, na bati la paa lenye jua la saa nane pamoja na moshi wa injini hapo hapo ni kuiua betri taratibu. Usiiweke mbele ya rada inapozunguka wala kuibana na antena ya redio ya VHF. Kwenye joto, kitu kimoja cha kukuokolea pesa: kuna daraja la 1 linalofanya kazi mpaka hasi 40 na daraja la 2 mpaka hasi 20, kwa bahari yetu daraja la 2 linatosha na kuzidi, usikubali kuuziwa baridi ya Aktiki.

Bolti ziwe za stenlesi ya 316, utaona alama A4 kwenye kichwa, na zipite mpaka upande wa pili zikutane na bamba au washa kubwa, usitumie skrubu za mbao hata kwenye mbao. Kwenye aluminiamu weka washa na mkeka wa plastiki katikati, stenlesi na aluminiamu zikigusana kwenye chumvi aluminiamu inaliwa. Kwenye faiba ziba kingo za tundu kwa silikoni ya baharini kabla ya kupitisha bolti ili maji yasiingie ndani ya ukuta.

Kuhusu usalama wako wewe fundi, kuna vitu watu wanaruka. Zima swichi kuu ya betri kabla hujatoboa, na angalia upande wa pili wa ukuta kuna waya gani na mabomba gani. Kama unafanya kazi juu ya paa karibu na rada, zima rada na uhakikishe hakuna mtu wa kuiwasha wewe ukiwa mbele yake, chukua hata fyuzi yake uweke mfukoni. Jifunge mkanda. Chombo kilichofungwa gatini nacho kinayumba boti nyingine ikipita.

EPIRB yenyewe iache kwenye boksi la dukani mpaka breketi imekaza, ndo uipandishe mwisho. Sababu ni kwamba ikiwa nje ya breketi na ikalowa inawaka, yaani mvua kidogo nyuma ya pikapu inatosha, na tayari umeshaamsha kituo cha uokoaji. Ikitokea imewaka kwa bahati mbaya izime, ikaushe, irudishe kwenye kiti chake na upige simu haraka kwa kituo cha uratibu wa uokoaji, Dar es Salaam au Mombasa kutegemea uko wapi, uwaambie namba yake na kwamba uko salama. Usiizime na kunyamaza, kule mtu anaanza kutafuta chombo ambacho hakijapotea.

Ile kamba ndogo inayotoka kwenye EPIRB usiifunge kwenye chombo hata siku moja. Naiona imefungwa kwenye reli mara nyingi, mtu kaogopa kuibiwa au kuipoteza, na chombo kikienda chini kinaivuta pamoja nacho. Kamba ni ya kufunga kwenye boya la kuokolea au kwenye mwili wako mkishakuwa majini. Kama unaogopa wizi, ichukue nyumbani chombo kikiwa nanga, alafu weka utaratibu wa kuirudisha kabla ya kung'oa.

Na fundi wa rangi asiiguse. Wakati wa matengenezo boksi linapakwa rangi nyeupe pamoja na ukuta, kile kidude cha haidrostatiki kinazibwa, kifuniko kinagandana. Lifunike kwa gazeti na teipu au litoe kabisa mpaka rangi ikauke.

Namba na usajili

EPIRB ambayo haijasajiliwa inatuma kelele isiyo na jina. Ikisajiliwa kituo kinapiga simu nyumbani, kinajua ni boti ya rangi gani, ina watu wangapi, ilikuwa inaenda wapi. Ndani yake mna namba ya nchi: Kenya ni 634, Tanzania ni 674 na 677. Boti nyingi za mtumba zinakuja kutoka Dubai na EPIRB yake ina 470 ya Falme za Kiarabu au 461 ya Oman, na taarifa za mwenyewe wa zamani bado zimo humo. Siku ya ajali simu inapigwa kwa mtu aliyeiuza boti miaka mitatu nyuma. Peleka kwa wakala akaibadilishe namba, alafu usajili upya, na ukiuza chombo ufute jina lako. PLB inasajiliwa kwa jina la mtu na sio chombo, kwahiyo hata ukihama boti inakufuata, ila badilisha namba za simu za ndugu zikibadilika.

Ningekuwa mimi

Feri, boti ya abiria, tagi, chombo cha chuma cha uvuvi: EPIRB ya kujifungua yenye GPS na AIS, na PLB kwa nahodha kama mfuko unaruhusu. Boti ya faiba ya watalii au ya uvuvi wa mchezo: EPIRB ya mkono karibu na usukani na PLB moja kwenye jaketi la nahodha, wala sijutii kuikosa ya kujifungua hapo. Jahazi la mizigo lenye deki, ya mkono, kwenye mfuko unaoelea pale tezi anapokaa mshika usukani. Ngalawa na mtumbwi, PLB mwilini. Ziwani Victoria na Tanganyika mambo ni yale yale, setilaiti hazijali maji ya chumvi au baridi. VHF yenye kitufe chekundu cha dharura ibaki pale pale pamoja na hizi zote, kwa jirani aliye ndani ya maili ishirini hakuna kinachoishinda, simu ya mkononi usiihesabu kabisa ukishapita upeo wa minara.

Matunzo yanapishana pia na yaingie kwenye hesabu ya bei. Kidude cha haidrostatiki kinabadilishwa kila baada ya miaka 2, tarehe imechapwa juu yake, ya mkono na PLB hazina gharama hiyo. Betri zina tarehe yake, nyingi ni miaka 5 mpaka 10, na ibadilishwe na wakala mwenye ruhusa, kwasababu akiifungua fundi wa simu ile mpira wa kuzuia maji hautarudi kama ulivyokuwa. Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujipima, kile cha TEST na sio cha kuwasha, ndani ya dakika 5 za mwanzo wa saa, uone taa inasemaje, alafu andika tarehe kwenye daftari la chombo. Ikifika mwisho wa maisha yake usiitupe jalalani na betri ikiwa ndani, watoto wanaochokora wanaiwasha na boti ya uokoaji inatumwa kwenda dampo, mrudishie wakala au utoe betri na ufute usajili wake siku hiyo hiyo.